Kwamboka Wawili wa Boma Moja

Siku yangu ya kwanza katika benki pale Kisii mjini, Karani Mkuu alinipa penseli kabla ya kunionyesha kiti. Kadi za leja, alieleza, zilijazwa kwa wino: jina, tarehe, kilichoingia, kilichotoka. Penseli ilikuwa ya pembeni, mahali pa kuandika yale yatakayomsaidia karani mwingine kumjua mteja: “kovu shavuni”, “huja na mjukuu”. Wengi walitia kidole gumba badala ya sahihi, kwa hiyo penseli ilikuwa nusu ya kazi.

Katika miaka ya sabini makao makuu Nairobi yalinunua kompyuta. Hatukuiona. Sisi tulinakili kila kadi kwenye fomu ya visanduku, herufi moja kwa kila kisanduku, na Nairobi wakazitoboa kadi nyingine ambazo mashine iliweza kuzisoma. Maneno ya penseli hayakuwa na kisanduku. Mkaguzi aliyetusimamia alitaka pia tuunganishe akaunti zilizorudiwa.

Kwenye kadi za wateja wa kijijini Kenyenya nilimkuta Kwamboka Omwenga mara mbili: jina moja, mume mmoja, sanduku moja la posta. Nikaziunganisha bila kutazama pembeni. Mimi, Mgusii mzima, sikukumbuka kwamba kina Kwamboka kwetu ni wengi, na mwanamume anaweza kuoa wawili.

Baada ya wiki kadhaa alikuja mmoja wao, mwuza ndizi wa soko la Daraja Mbili. Mumewe aliketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia gotini. Nilipomsomea salio, mama akainama dirishani.

“Rudia polepole.”

Nikarudia.

“Pesa hizo zote si zangu, mwanangu. Ni za mke mwenzangu, mkubwa. Atakuwa anamwekea binti yake Bosibori ada ya chuo cha ualimu. Mzee alikataa kulipa.” Akatupa jicho kwenye benchi. “Akizisikia hizo, ataoa wa tatu.”

Mzee akauliza kwa mbali kuna shida gani.

“Ni mashine, mzee,” nikasema. “Ya Nairobi.”

“Nairobi,” akasema, akatulia.

Nilitoa stoo kadi za zamani, zilizokuwa zikingoja kuchomwa. Pembeni mwa moja, kwa mwandiko wa Karani Mkuu: “Mke wa kwanza. Mume asijue.” Nikampelekea Mkaguzi, nikakiri. Akayasoma yale maneno ya penseli.

“Umeunganisha wangapi namna hii?”

Sikujua. Alizuia kadi zisichomwe, akavua koti, tukaketi wote wawili kusoma penseli, kadi baada ya kadi.

Nimestaafu, na vijana huniuliza kama tuliichukia kompyuta. Hapana. Ilijumlisha vizuri kuliko sisi. Kosa lilikuwa haraka yangu.

Mwaka uliofuata Kwamboka mkubwa alikuja kutoa akiba yote. Alitia kidole gumba, akauliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuiona. Nikasema hakuna. Alipotoka, nilimwona Kwamboka mdogo kwenye ngazi, amemshikia kikapu, akitazama barabarani.