Haraka au Si Haraka

Kiti cha bosi kiliombwa leo, kikafika kesho yake. Maturubai ya Buganguzi yalikaa ghalani Bukoba mpaka mvua ikayatangulia. Nikikumbuka hilo, hadi leo naghadhibika.

Kampuni yetu inanunua kahawa, na mfumo wa maombi niliutengeneza mimi. Mtunza kituo anafungua simu, anachagua anachotaka kwenye orodha, na ombi linajiendesha lenyewe: kwa bosi kwa idhini, kisha ghalani, kisha kwenye gari. Vitu vilikuwa ishirini na vinne. Nilivihesabu mara mbili, maana nilitaka kila kimoja kiwe na njia yake.

"Unauza njia kwa kilo?" bosi akaniuliza. "Tengeneza moja, vyote vipite humo."

Tukavutana, tukapatana. Nikatengeneza vipande vichache vinavyotumika na kila kitu: cha idhini, cha ghala, cha usafiri. Hapo alikuwa sahihi, nampa haki yake. Tulikosana kwenye kipande cha kupanga foleni. Mimi nilitaka kitu chenyewe kiamue: turubai wakati wa mavuno litangulie. Yeye akataka aulizwe mwombaji: Haraka, au Si haraka? Likapita lake.

Na bosi ni mzaliwa wa Kanazi, huku huku kwetu! Angekuwa mgeni ningemsamehe. Anajua kwetu mtu akija kuazima jembe huulizia kwanza watoto, migomba na mbuzi, halafu akiwa mlangoni anaaga ndipo anasema, "Kama hamlitumii, lakini." Mtu huyo umpe kitufe cha Haraka?

Mtunza kituo wa Buganguzi ni mama wa makamo ya mama yangu. Kahawa ya wakulima ilikuwa imeanikwa, mawingu yanakusanyika, akaomba maturubai. Akabonyeza Si haraka. Mfumo wangu ukamtii: ukampanga nyuma ya wino, nyuma ya mapazia, nyuma ya kile kiti.

Nilifika na gari la maturubai wakati mvua imeshamaliza kazi yake. Mama alikuwa anageuza kahawa kwa mikono. Ilikuwa imeshaota ukungu na inanuka.

"Mama, kwa nini hukubonyeza Haraka?"

"Waitu," akaniita kwa Kihaya, yaani wetu, "mwanangu, nimwamrishe bosi?"

"Si amri, mama. Ni kitufe tu."

"Na kitufe anakisoma nani?"

"Bosi."

"Sasa?"

Simu ikaita, bosi, kutoka Bukoba.

"Hasara ni yake," akasema. "Mfumo umeandika Si haraka, kidole ni chake. Mwambie akabidhi funguo za kituo leo."

"Na kiti chako ulibonyeza nini?"

"Mgongo unaniuma!"

Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mkubwa simu, na nilitamani aite tena nikate mara ya pili. Nikakaa juu ya magunia, nikafungua kompyuta, nikafuta kile kipande cha foleni. Uzuri wa kipande kimoja kutumika kila mahali ni huo: ukikifuta mara moja, kimefutika kwa vitu vyote ishirini na vinne. Nikaweka changu: mavuno yakianza, maturubai na magunia mbele, fanicha mwisho, akalie yeyote.

Akapiga tena. "Umegusa nini? Ombi langu la meza limeshuka mpaka chini! Rudisha swali langu!"

"Tupatane. Mama abaki na funguo, swali linarudi."

"Unanifanyia biashara?"

"Na hiyo ndiyo bei ya mwisho. Mtu mwingine wa kukurudishia, mtafute."

Mama aliacha kugeuza kahawa, ananitazama, funguo kiunoni.

"Abaki," bosi akasema. "Lakini swali nilione leo."

Kahawa ile tuliimwaga migombani, na hakuna aliyewaomba wakulima radhi, si yeye wala ofisi yake. Swali nililirudisha siku hiyo hiyo, kama tulivyopatana. Sikuwa nimeahidi lirudi kwenye vitu vingapi. Liko kwenye viti tu.