Vidole Visivyotoa Alama

Kosa lilikuwa langu, na nitalisema mwenyewe kabla mtu hajanisemea. Mimi ndiye niliyemsugua mama vidole.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nikiwa kidato cha tatu. Shule yetu ilikuwa imepata msichana kutoka ng'ambo, wa kusoma darasani mwetu mwaka mzima na kulala nyumbani kwa mmoja wetu. Mwalimu mkuu aliuliza ni nani kwao kuna kitanda cha ziada. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Kitanda cha ziada hatukuwa nacho, lakini mama alikuwa amejenga nyumba ya mabati karibu na Kapsoit, peke yake, baba akiwa amekufa zamani, na nilitaka watu waione.

Mama aliposikia hakunigombeza. Alimwita seremala siku ileile.

Kisha ikaja fomu. Kamati ya wageni ilitaka kila mzazi atakayempokea mtoto wa watu aende polisi, achukuliwe alama za vidole, kisha alete barua kwamba hajawahi kuiba, kumdhuru mtu wala kufungwa. Sikuona ubaya, na hata leo siuoni. Ziko nyumba za watu wanaosali sana ambamo nisingelaza hata paka wangu.

Kilichonisumbua ni mikono ya mama. Alikuwa amechuma chai kwenye mashamba makubwa miaka kumi na minane kabla ya kupata miche yake mwenyewe, na utomvu wa majani ulikuwa umeingia kwenye nyufa za vidole ukawa mweusi tii. Niliona aibu. Nilimwambia, "Mama, huwezi enda kwa ofisi na mikono kama hiyo." Tukakaa nje alasiri nzima na majivu, ndimu na jiwe la kusugulia miguu. Nilisugua mpaka akasema basi, nikasugua tena. Vidole vilitakata, vikawa laini kama kokoto za mtoni. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Kesho yake, kituoni mjini, karani alimshika kidole gumba, akakipaka wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Likatoka doa. Akachukua cha pili, doa. Alimaliza vyote kumi, akabadilisha karatasi, akaanza upya.

"Mama, hii vidole yako haina alama," alisema. "Umechoma na nini?"

"Sijachoma. Nimechuna majani."

Sajini akaitwa. Alivigeuza vidole vya mama huku na huku kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Kuna watu wanaharibu vidole ndio tusiwajue," akasema. "Wewe unaficha nini?"

Mama alimjibu kwamba hakuna anachoficha, akalirudia jibu hilo mara tatu. Mimi niliyejua habari ya lile jiwe nilinyamaza. Niliogopa kofia ya sajini. Barua tuliyopewa ilisema tu kwamba alama hazikupatikana.

Tulirudi baada ya wiki mbili, safari hii bila kusugua chochote, utomvu ukiwa umesharudi mahali pake. Yakatoka madoa yaleyale. Ndipo nilipoelewa kwamba jiwe langu lilikuwa limemalizia tu kazi ambayo chai ilianza kabla sijazaliwa.

Kamati haikungoja mara ya tatu. Msichana alipelekwa kwa bwana mmoja wa ofisini, mwenye vidole vyake vyote. Jumapili iliyofuata, kanisani, mama alipoketi, jirani zake kwenye benchi walisogea kando. Habari ilikuwa imetembea: yule mama alikataliwa na polisi. Alisikiliza mahubiri mpaka mwisho. Mgeni alikuwa amekwenda kwa wengine. Sasa lililokuwa linatuponyoka lilikuwa jina la mama.

Jumamosi kamati ilipokutana shuleni, mama aliingia bila kuitwa, nami nyuma yake. Hakuketi.

"Bwana mwenyekiti, sikuja kuomba mtoto. Mtoto mumeshapeana. Nimekuja uandike kwa nini."

"Mama, sheria ni sheria. Polisi walikosa alama."

"Basi andika hiyo alama ilienda wapi."

"Kwa fomu hakuna nafasi ya hiyo."

"Geuza karatasi. Huko nyuma iko wazi."

Mtu mmoja alikohoa. Mama hakuwa amemaliza. "Na huyo msichana," akauliza, "amesimama mbele ya nani akataja kwao? Kwetu mgeni anasimama nje ya boma, anasema yeye ni wa nani, ndio apewe kiti. Mimi mumeniuliza mpaka vidole. Yeye nani amemuuliza?"

Mwenyekiti alitazama saa yake, akamtazama mama, akaona haondoki. Akaigeuza karatasi. Mama alimwambia maneno, yeye akaandika: kwamba huyu mama hakuiba, hakupiga mtu, hakufungwa, kwamba vidole vyake vililiwa na kazi ya kuchuma chai. Hapo nilifungua mdomo wangu kwa mara ya kwanza. "Andika pia msichana wake ndiye alimsugua na jiwe, kwa sababu ya aibu." Mama alinigeukia. Mwenyekiti akaandika na hilo, akagonga muhuri. Jumapili mama aliipeleka kanisani isomwe mbele ya watu; mzee wa kanisa alipositasita, nilisimama nikaisoma mwenyewe, pamoja na sehemu yangu.

Miaka michache baadaye nilimaliza chuo cha ualimu, na mimi pia nikatakiwa barua ya polisi. Kituo kilikuwa kilekile, karani alikuwa mwingine. Alinipaka wino, akabonyeza, na mistari yote ikatoka, kidole baada ya kidole, mpaka akafurahi.

"Hii yako ni safi sana, mwalimu," akasema. "Inaonyesha mtu mzuri."

Nilikasirika.

"Si safi, afande. Haijachuna chai. Mama alichuna ndio mimi nisome, na yake iliisha hapa hapa, mkamwita mwizi."

Akaniuliza sasa ninataka afanye nini.

"Geuza karatasi," nikamwambia, "uandike hiyo nyuma."