Pawa Saplai Tuliyoichagua Pamoja

Mimi na rafiki yangu tulipewa jina moja, kwa hiyo tangu utotoni kijijini Ipyana tuliitana wajina. Mama zetu walianika kakao uwanja mmoja. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala nami chumba kimoja hadi matanga yakaisha, akininyang'anya simu kila nilipotaka kupiga namba ya marehemu.

Baadaye alikwenda Mbeya kusomea kompyuta, akarudi na kufungua duka Kyela mjini la kutengeneza mashine na kuhariri video za harusi. Mimi nilibaki nyumbani, kwenye chumba cha uani, nikirekodi kwaya za makanisa na kuzisafisha sauti kwa kompyuta ya mezani. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Lakini ilikuwepo kazi nyingine niliyoifanya kwa mapenzi tu: kurekodi wanawake wafinyanzi wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kwa watu wa bibi yangu mzaa mama.

Mdogo wake bibi alikuwa bado hai wakati huo, macho yamefifia lakini vidole vinaujua udongo. Alikuwa anaimba akikanda, nyimbo za Kikisi, lugha ya huko, ambazo hata binti yake mwenyewe alizijua nusunusu. Nilikwenda kwake mara nyingi, kwa gari mpaka Matema, kisha kwa mtumbwi. Safari moja wajina alinisindikiza. Alishika kipaza sauti, akala samaki wa kuchoma na ugali wa muhogo, akamwita yule mzee bibi kama mimi nilivyomwita. Mzee alipofariki, sauti yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta yangu.

Ndipo kompyuta ikaanza kujizima. Kyela ina joto, na saa za mchana chumba changu huwa kama tanuri. Nikiwa katikati ya wimbo, skrini inakuwa nyeusi, halafu mashine inajiwasha upya. Nikaipeleka kwa wajina.

Aliifungua, akagusa lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwenye mashine. Akaondoa mkono haraka.

"Pawa saplai imechoka, wajina. Sikia inavyochoma."

"Basi niwekee nyingine."

"Nyingine ipi? Usinunue tu ile inayong'aa. Keti hapa tuchague."

Tulikaa. Siwezi kusahau jinsi alivyonifundisha siku ile, kwa subira, kama dada mkubwa. Tulijumlisha kwanza umeme unaohitajiwa na kila kitu ndani ya mashine, tukaongeza nafasi ya kutosha juu yake ili isifanye kazi kwa kuhema. Akanionya kuhusu namba kubwa zinazoandikwa kwenye lebo, kwamba zipo pawa saplai zinazojitangazia wati nyingi ambazo hazijawahi kuzitoa. Akanieleza kwamba ile nzuri hupoteza umeme kidogo sana kuwa joto, na mimi hilo lilinigusa kwa sababu umeme ukikatika natumia betri ya sola, na kila kinachopotea huko ni kazi yangu inayokatizwa. Zaidi ya yote, alisema, iwe na kinga ndani: umeme ukirudi kwa fujo, ijizime yenyewe, ife yenyewe ikibidi, lakini isiue vingine.

"Diski yako ina bibi," aliniambia. "Huko hatuweki takataka."

Tukachagua moja, nyeusi, yenye nyaya nene za kuchomoa, ambazo unaunganisha zile unazohitaji tu. Nikailipia, ikaletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, nami nilikuwepo dukani kwake alipoifungua. Ilikuwa nzito, feni yake pana. Tulicheka tukipokezana kama watu waliopewa mtoto mchanga wambebe.

"Niachie mashine," akasema. "Nitaifunga, niijaribu vizuri, kesho uje uichukue."

Nikaichukua kesho yake. Nilipoiwasha nyumbani feni ilivuma kuliko nilivyotarajia. Nikampigia.

"Ni mpya, itatulia," akasema. "Usifungue, utaharibu garantii."

Sikufungua. Nani angefungua?

Miezi ikapita. Masika yakaingia, yale ya kwetu ya mvua isiyopumua, umeme ukawa unakuja na kuondoka. Asubuhi moja nilikuwa nanakili nyimbo zote za bibi kwenye diski ya nje, niipeleke Ikombe kwa binti yake ili sauti ikae sehemu mbili. Umeme ukakatika kidogo, ukarudi. Mashine ikawaka, nikaanza tena kunakili. Ukakatika tena. Uliporudi safari hii nilisikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja kijiti, halafu moshi mwembamba ukatoka nyuma na harufu ya plastiki ikajaa chumbani. Nilivuta waya ukutani. Diski ya nje ilikuwa ya moto mkononi.

Zote mbili hazikuamka tena, ya ndani na ya nje.

Nilichukua bisibisi na kufungua mashine. Nilitaka tu kuona. Nikaona nyaya nyembamba, zilizoshikana moja kwa moja na boksi, hakuna ya kuchomoa hata moja. Feni ilikuwa ndogo. Lakini juu ya boksi, imebandikwa kwa unadhifu, ilikuwepo lebo ya ile tuliyoichagua. Pembe moja ilikuwa imekunjika, na chini yake ilichungulia lebo nyingine.

Nilifungua boksi lenyewe. Ndani kulikuwa na vitu vichache, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi pembeni bila kuunganishwa na chochote. Kilikuwepo ili kuongeza uzito tu.

Nilipanda bodaboda mvuani mpaka mjini. Wajina alikuwa peke yake dukani, anahariri harusi. Mashine yake ina ubavu wa kioo, anapenda wateja waone taa za ndani. Sikuwahi kuitazama kwa makini. Siku hiyo niliitazama. Nyuma ya kioo, nyeusi, na nyaya nene, ilikuwepo pawa saplai yangu. Pale ilipostahili kuwa na lebo palikuwa na gundi kavu tu.

"Umelowa, wajina, umekuja na—"

"Yangu imelipuka."

"Labda walituletea feki," akasema.

"Tuliifungua wote. Tuliibeba wote."

Nikaonyesha kioo kwa kidole. Alitazama kule, akarudisha macho kwenye meza.

"Yangu ilikufa wiki ileile," akasema taratibu. "Nilikuwa na harusi mbili za kukabidhi. Nilisema niiazime tu, nitakurudishia kabla hujajua. Halafu siku zikaenda. Na kazi zako wewe, wajina, ni sauti tu. Sauti hazisumbui mashine kama video."

"Sauti tu."

"Sikumaanisha hivyo."

"Mtu anayeazima habandui lebo akabandike kwingine," nikasema. "Ulikaa ukaibandua polepole isichanike."

Hapo ndipo alipolia. Mimi sikulia. Kilichonichoma hata hakikuwa ule wizi. Kilichonichoma ni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kitakachotokea. Alijua kila hatua ya ajali ile kabla haijanifika, alinieleza kwa mdomo wake, kisha akaenda akaifunga kwa mikono yake ndani ya mashine yenye bibi.

Alizima kompyuta yake, akaifungua, akanitolea. Niliipokea kwa sababu ilikuwa yangu. Hatukuagana.

Diski nilizipeleka Mbeya kwa fundi anayeokoa data. Alinirudishia vipande: kikohozi, sauti ya udongo ukipigwa, bibi akiuliza kama nimekula. Hakuna wimbo hata mmoja uliotimia.

Ikabidi niende Ikombe. Binti wa bibi, ambaye mimi namwita mama mdogo, alikuwa amekaa kivulini analainisha chungu kwa jiwe. Nilimweleza yote, tangu mwanzo. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Ni yule uliyekuja naye? Aliyekula samaki kwetu?"

"Ndiye, mama."

Aliendelea kusugua chungu. "Alinisaidia kuosha vyombo," akasema, kama anayejisemea, na mkono wake ukasimama.

Baadaye alijaribu kuimba. Alifika katikati, akapotea. Jirani yake akadakia na maneno mengine, yeye akakataa kwamba si hayo, wakabishana, wakacheka kidogo, wakaanza upya. Nilirekodi kila kitu, hata mabishano. Nashukuru kwa hicho nilichopata. Lakini siyo wimbo wa bibi, na wao wanajua kuwa siyo.

Kabla ya Krismasi mama yake wajina alikuja nyumbani kwetu na mkungu wa ndizi na jogoo, amefuatana na wajina. Baba yangu mkubwa aliwapokea. Walisema maneno yanayosemwa, kwamba watoto wamekua pamoja, kwamba shetani alipita. Wote wakanigeukia, mama yake akanishika mikono yote miwili.

"Nimesamehe," nikasema.

"Ndaga fijo, mwanangu," mama yake akanishukuru, akaiachia mikono yangu. Tulikula wali pamoja. Wajina alikaa mbele yangu na kunipakulia mboga, na mimi nikala.

Ile pawa saplai imo ndani ya mashine yangu sasa, niliifunga mwenyewe. Inafanya kazi vizuri, haichemki, umeme ukirudi kwa fujo inajizima kama ilivyopaswa. Wajina huniandikia ujumbe mara mojamoja kuuliza habari za kazi. Namjibu kwamba inaendelea. Sijamwambia kwamba siku ile ya wali nilisema nimesamehe kwa sababu ya mikono ya mama yake iliyonishika, na kwamba bado sijaweza kumsamehe kwa ajili yake mwenyewe.