Mkwe Aliyemwagiwa Chokaa

Miaka ile hapakuwa na msomaji mkubwa kunishinda kati ya Masisi na Walikale. Sijisifu, jambo lilijulikana. Nilizaliwa Kingi, kwenye shamba la maharagwe lenye mteremko mkali kiasi kwamba jembe likikuponyoka unakwenda kulichukua kwa jirani wa bondeni. Nikaenda Bukavu, safari nyingine kwa miguu, nyingine juu ya magunia ya viazi, nikarudi na diploma. Niliitia ndani ya kioo nikaitundika katika ofisi ya shamba la pareto nilikopewa ukarani, ukutani pale ambapo mtu akifungua mlango ataiona hiyo kabla hajaniona mimi.

Baada ya kazi nilisoma. Sisi makarani na walimu tulikuwa na chama chetu, tukikiita serkle, na serkle ilikuwa ikiletewa masanduku ya riwaya za Kifaransa. Wenzangu walizitumia kuinulia taa. Mimi nilizisoma zote, hata zile ambazo panya walikuwa wamezianza kabla yangu, na kwa kuwa nilizisoma zote nilikuwa na haki ya kuwa na maoni.

Maoni yangu ya kwanza ni kwamba watu wa riwaya hawali. Mwandishi atakueleza mvua toka ukurasa huu hadi ule, mvua ambayo mtu wa Masisi anaijua kuliko yeye, halafu akifika mezani anasema tu, "Wakala." Wakala nini? Riwaya moja tu niliipa alama ya juu, ile ya ndugu wawili wanaogombea kinu cha marehemu baba yao, kwa sababu mle ndani supu ilielezwa vizuri, na nilipoimaliza nilikuwa na njaa. Hicho ndicho kipimo cha kitabu.

Maoni ya pili ni kwamba watu hao hawana shangazi. Kuna kitabu kinene kama tofali ambamo kijana anampenda msichana, anakonda, anakohoa, anakufa, na kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna hata mtu mmoja aliyetumwa nyumbani kwa baba wa msichana. Nilimsimulia shangazi yangu, aliyenilea na ambaye nilikuwa nikiishi naye. Akaweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Anakufa juu ya nini?" akauliza. "Kwao hakuna muntu wa kutuma?"

"Shangazi, hiki ni kitabu cha huzuni."

"Haiko ya huzuni. Iko ya uvivu."

Kuhusu filamu za kuchekesha, nilikuwa na heshima zaidi nazo. Riwaya itakuzungusha mwaka mzima kabla hujajua mtu ameanguka kwa sababu gani. Katika filamu unaliona ganda la ndizi. Shida ilikuwa watazamaji wetu. Walikuwa na adabu mno. Gari ya sinema ilipofika mara ya kwanza, yule bwana mnene wa kwenye pazia akaanguka ndani ya pipa, na ukumbi mzima ukasema kwa sauti moja, "Pole." Akainuka, akaanguka tena. "Pole sana, Papa." Nilikuwa peke yangu niliyecheka, na mama mmoja akaniuliza kama nimelelewa na binadamu.

Basi, mwanamke niliyetaka kumwoa alikuwa msomaji wa pili wa nchi ile. Nilimwona Walikale, nilipotumwa na gari la shamba kuchukua mafuta ya mawese. Alikuwa amesoma kwa masista na akiwasaidia kwenye zahanati. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, riwaya isiyo na jalada iko mapajani.

"Hiyo nilishaisoma," nikamwambia. "Mwishoni anakufa."

Akainua macho. "Kaka, ulitumwa kuchukua mafuta ao kuharibia batu vitabu?"

"Nilitaka kukusaidia. Kuanzia katikati iko mubaya."

"Haiko mubaya. Ni weye uliisoma mbio, juu ya kusema umeisoma."

Tangu nipate diploma hakuna mtu aliyekuwa amenijibu namna hiyo. Shamba likaanza kuhitaji mafuta ya mawese mengi sana.

Baba yake alikuwa katekista siku ya Jumapili na mwindaji siku nyingine zote, na katika kazi zote mbili alikuwa mtu wa kungoja kimya. Hakutupenda sisi watu wa milimani. Alisema kwetu hakuna miti ya kuzuia sauti, ndiyo maana tunasema mno. Kule kwake msituni kulikuwa na seremala mmoja mpole, asiyefungua kinywa hata akijipiga nyundo, ambaye naye alikuwa amemtaka binti. Mzee akanitumia neno: atapanda Masisi pamoja na bintiye, aone ninavyoishi, na kabla ya kurudi atasema ndiyo au hapana. Hapana yake, kila mtu alijua, haikuwahi kugeuka ndiyo.

Walifika siku ileile iliyofika gari ya sinema. Nikaona ni bahati. Filamu zile hazikuwa na sauti. Maandishi ya Kifaransa yalipita kwenye pazia, na lazima awepo mtu wa kusimama kando na kuyasema kwa Kiswahili. Mtu huyo alikuwa mimi. Mwenye gari akaniuliza kama ningependa kuiona filamu kwanza. Nikamwonyesha diploma.

Tulikusanyika mchana katika ghala la kukaushia pareto, madirisha yamezibwa kwa mablanketi na majani ya migomba, watu wakipiga chafya kwa vumbi la maua. Walikuja wa Kingi, walikuja wachungaji kutoka Kirolirwe na fimbo zao. Mzee wangu nilimkalisha mbele kabisa, juu ya kiti cha ofisi. Binti yake na shangazi yangu walikaa benchi la nyuma yake.

Filamu ikaanza. Kijana mwenye suruali ya mirabamiraba anampenda msichana. Nikatafsiri. Msichana ni mtoto wa mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na kofia ndefu. Nikatafsiri. Kijana anakuja nyumbani amebeba ngazi, anageuka, ngazi inampiga mzee kisogoni. "Pole," ukumbi ukasema. Kisha kijana akapanda ngazi ile, akapiga teke ndoo ya chokaa, na yote ikammwagikia mzee toka kofia hadi viatu. Maandishi yakatokea, meupe na makubwa. Kijana alikuwa akisema, "Nisamehe, baba mkwe wangu mpendwa."

Msomaji wa kwetu haelezwi, lakini huenda kitabu hiki kikafika mbali. Kwetu, na kwa watu wa Walikale pia, mkwe hachezewi. Ukikutana naye njiani unaingia majanini apite. Huli mbele yake. Ukimwona amechafuka au amevuliwa nguo, hata kwa ajali, ni aibu inayosafishwa kwa mbuzi. Na mimi nilikuwa nimemleta mtu ambaye kesho yake angekuwa mkwe wangu, nikamweka mbele, kwenye kiti, atazame mkwe akipakwa chokaa kama ukuta wa dispensari.

Watu walikuwa wakinigeukia. "Karani, anasema nini?"

Akili iliyofaulu mitihani ya Bukavu haihitaji muda mrefu. "Anasema, 'Nisamehe, babu yangu,'" nikajibu. "Yule mzee ni babu yake."

Ghala likapasuka kwa kicheko. Kwa maana babu ni jambo lingine kabisa. Babu unamnyang'anya fimbo, unamwita mpinzani wako, unamwambia umemchoka na unamchukulia mke. Hapakuwa na pole tena.

"Umumwangie tena," mchungaji mmoja wa Kirolirwe akamshauri kijana. "Ni babu yako, hakuna neno."

Na kijana akamtii. Mzee akaanguka kwenye beseni, akavutwa suruali ikabaki mlangoni, akakimbizwa na mbuzi. Mimi nami nikapamba maneno, nikamfanya kijana aseme, "Babu, leo nitakuonyesha ni nani mume wa bibi," na kila nilipofungua kinywa watu walishikana mabega. Nasema bila haya kwamba tafsiri yangu ilikuwa bora kuliko filamu yenyewe. Mzee wa Walikale alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja. Nikaanza kumhurumia seremala.

Halafu ikaja arusi. Msichana akatokea na shela, ameshikwa mkono na yule mzee mwenye ndevu, naye akamkabidhi kwa kijana wa suruali ya mirabamiraba.

Kicheko kikaisha. Mchungaji wa Kirolirwe akainuka, akaegemea fimbo yake.

"Karani. Ule binti, ulisema njo mutoto wa ule muzee?"

"Nilisema ndiye."

"Na muzee njo babu ya ule kijana?"

"Tuendelee kutazama."

"Basi anaoa shangazi yake."

Katika giza nilimsikia shangazi yangu akisogea kwenye benchi. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho.

"Si mtoto wake wa kuzaa," nikasema. "Yule mzee alimwokota njiani."

"Sasa mbona anamubusu na kulia?"

"Wazungu hulia wakiokota."

Bahati mbaya mtengenezaji wa filamu alikuwa ameona inafaa kuweka padri. Padri akaonekana, akainua mkono.

"Na Padri anabariki?" wakauliza watu kama ishirini.

"Padri hajaambiwa," nikasema.

Hapo baba wa mchumba wangu akasimama. Mwanga wa mashine ukamkamata, na kivuli chake kikawafunika bwana arusi, bibi arusi na padri. Akavaa kofia, akatoka bila kuniangalia. Binti yake akamfuata.

Asubuhi nilitokea uani, upande wa nyumba ya shangazi walikolala wageni, nimevaa tai. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda na kunipa mgongo, uso ukielekea ukuta wa jiko. Nikajua amekasirika. Shangazi alikuwa mlangoni na kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa. Mchumba wangu alikuwa akichambua sombe kwenye ungo, macho hayatoki kwenye majani yale ya muhogo.

"Mutoto wangu amenielezea kwa njia, tukirudi," mzee akauambia ukuta. "Yeye anajua Kifaransa. Ule muzee haikuwa babu."

"Haikuwa, Papa."

"Ilikuwa baba mukwe."

"Njo vile, Papa."

"Na weye uliniweka mbele ya batu bote, nione mukwe anamwangiwa chokaa, anatolewa suruali. Na mimi nilicheka." Akauonyesha ukuta kidole kimoja. "Mbuzi moja."

Sasa, mimi si mtu wa kutozwa mbuzi bila kujitetea. Niliweka mikono nyuma kama tulivyofundishwa. Nilimwonyesha, kwanza, kwamba filamu haikuwa yangu bali ya mwenye gari. Kwamba mkwe wa kwenye pazia alikuwa mkwe wa mtu mwingine, mgeni kwetu sote, na kama kuna wa kudai mbuzi ni yeye mwenyewe, huko aliko. Shangazi akakohoa. Nikaendelea. Nikamwambia kwamba hata desturi yenyewe iko upande wangu, kwa kuwa mbuzi wa ukwe hutolewa na mkwe, na mimi hadi asubuhi ile nilikuwa sijapewa binti na mtu yeyote.

"Papa, muntu mwenye hana bukwe hawezi kuvunja bukwe," nikamaliza.

Ilikuwa hoja isiyo na mlango. Nimesikia mawakili tangu wakati ule, na sijasikia iliyoipita.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Unasema kweli. Karani, unajua kusema. Kama hakuna bukwe, hakuna mbuzi." Akanyoosha mkono akachukua fimbo yake. "Mama, gari ya kushuka Walikale inapita saa ngapi?"

Nilikuwa bado natabasamu. Mchumba wangu akaacha sombe.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "umeshinda. Sasa angalia umeshinda nini."

Nikaangalia. Niliuona mgongo ule wa mzee, ambao watu wa kwetu humpa mtu wanayemheshimu kwa ukwe na si mtu waliyemkasirikia, na nikaiona fimbo imeshikwa tayari kumwinua. Magoti yangu yalielewa kabla ya kichwa. Nikajikuta chini, suruali ya ofisi iko kwenye udongo.

"Papa, nimekosa."

"Umekosa nini? Umenionyesha haukukosa."

"Nimekosa bukwe."

"Bukwe ya nani?"

"Yako, Papa. Natoa mbuzi mbili."

Fimbo ikasimama. "Nilisema moja. Ya pili iko ya nini?"

"Ya kugeuza mukwe kuwa babu kabla sijamupatia wajukuu."

Hakugeuka. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika, kwanza moja, kisha yote mawili, na kigoda kikalia. Binti yake akaficha uso ndani ya ungo wa sombe. Mzee alipoipata sauti yake hakunijibu mimi, kwa maana kuanzia pale haikufaa tena tusemezane uso kwa uso. Aliiweka fimbo chini, akanyoosha mkono upande wa kibuyu cha kasiksi, akamwambia shangazi yangu:

"Mama, umwambie mukwe wangu achague mbuzi yenye iko munene."