Pikapu Iliyozimwa kwa Shikamoo

Enzi zetu kule Kabanga, gari halikumpita mtu mzima likinguruma. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kijani, yenye harufu ya petroli na ndizi mbivu, na sheria yake ilikuwa moja: "Huwezi kumwamkia mtu mzima huku unamtolea moshi." Alizima injini, akashuka, akavua kofia, ndipo akaamkia.

Tatizo ni kwamba asubuhi pikapu iliwaka mara moja, lakini ikizimwa ikiwa ya moto haikuwaka tena mpaka ipoe, saa nzima au zaidi. Mafundi walibadilisha betri, wakasafisha plagi, wakaishia kulaumu barabara.

Siku ya harusi ya dada yangu Editha, yeye na shela lake walikaa mbele na wazazi, sisi watoto tukabanana nyuma na masufuria. Padri alitungoja kanisani Bukiriro. Alikuwa ameshatuma neno: saa sita ikipita anaondoka, na ndoa itangoja hadi Kwaresima iishe. Kwenye kilima cha mwisho tukamkuta Bibi Koleta kando ya shamba lake, mkungu wa ndizi kichwani. Baba akazima gari. Editha akafumba macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hilo gari mbona kimya? Nalo linaniamkia?"

Baba alijaribu kuwasha. Honi ililia, stata ilizunguka, petroli ilikuwemo, injini haikushika. Kusukuma kupanda kilima hakukuwezekana. Ndipo Mama akafungua boneti, akagusa bomba la petroli lililopita juu ya injini, akarudisha kidole haraka.

"Petroli inachemka humu kama uji," alisema. "Pampu inavuta mvuke mtupu. Lipoozeni!"

Maji hatukuwa nayo hata kikombe. Mama akatazama shamba la Bibi Koleta. Nyumbani vibuyu vya maziwa tulivipooza kwa maganda mabichi ya shina la mgomba, maana yamejaa maji.

"Kateni," alisema Bibi Koleta. "Mimi ndiye niliyewasimamisha."

Mama akayafunga maganda kwenye bomba na pampu kama bandeji, yakichuruzika. Tukasubiri, Editha akihesabu kwa midomo. Baba akawasha. Ikakohoa mara mbili, ikanguruma! Tulipiga vigelegele mpaka masufuria yakalia. Bibi Koleta alipanda nasi na mkungu wake, tukamkuta Padri ameshashika mlango wa gari lake. Editha aliolewa siku ile ile. Tangu hapo Baba aliendelea kuzima gari kwa kila mtu mzima, maganda mabichi yakiwa chini ya kiti.

Vijana wa leo huamkia kwa honi, vioo vimefungwa, ndani baridi. Juzi mwanangu alinipeleka Bukiriro. Tulipomfikia mzee mmoja kwenye kilima kile, nikamwambia, "Zima." Akanung'unika, akashuka, akaamkia, wakacheka pamoja. Aliporudi alibonyeza kitufe, gari likawaka papo hapo, nami macho yangu yalikuwa yameshaanza kutafuta mgomba.