Safari ya Peke Yangu na Gari la Majani Tisa

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya dizeli, brashi ya waya na rundo la vyuma vilivyoganda grisi. Mkuu wa Karakana, Mzee Rajabu, mzaliwa wa Moshi mjini, hakuniuliza jina. Alitazama kanga yangu, akatazama viatu vyangu vya mpira, akasema, "Wewe mama, hapa si sokoni. Ukijikata usilie."

Nikamjibu, "Shikamoo, Mzee. Migomba nakata tangu nina miaka saba. Panga halijaniliza."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. "Marahaba. Haya, osha hizo."

Nikaosha miaka miwili. Ninyi mnaoingia ufundi leo na vyeti vyenu na ovaroli zenye jina kifuani, mnadhani kuosha vyuma ni adhabu. Kuosha ndiko kulinifundisha gari. Kila kipande kilipita mikononi mwangu kabla hakijarudi mahali pake, nikajua kipi kimelika, kipi kimepinda, kipi fundi amekirudisha kwa uvivu. Nimesoma mpaka darasa la nne. Kusoma najua, lakini polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Chuma nilikisoma haraka kuliko wao wote.

Karakana yetu ilikuwa upande wa Shirimatunda, na kazi yake ilikuwa kulichukua gari la kawaida la porini na kulifanya gari jingine. Tulikata chesisi, yaani mifupa ya gari, tukairefusha. Tulitoboa paa watalii wasimame. Tuliongeza tangi la pili la mafuta, tuliweka winchi mbele, ile mashine ya kamba ya chuma ambayo gari hujivuta nayo lenyewe kutoka kwenye tope. Na tulipandisha springi.

Huko kwenye springi ndiko Mzee Rajabu alikonihamishia. Springi ni majani ya chuma yaliyolaliana, refu chini ya gari, fupi likifuata, kama maganda ya mgomba. Katikati yanatobolewa, inapita bolti moja nyembamba, senta bolti. Bolti hiyo ndiyo inayoishika ekseli, ule mhimili wa magurudumu, isitoke mahali pake. Ikikatika, gari linakwenda mshazari kama mbwa anavyokimbia, kichwa huku, kiuno kule.

"Gonga," Mzee Rajabu aliniambia, akinipa nyundo ndogo. "Chuma kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Wewe maandishi yanakusumbua, basi tumia masikio."

Na kila springi tuliyoifunga tuliipeleka Kibosho, kwetu mlimani, na kurudi. Barabara ile ilikuwa ndiyo mtihani wetu. Nilijifunza kuendesha humo humo, nikapata leseni, na nikawa napita mbele ya parokia yetu nikiendesha gari kubwa kuliko la padri. Akina mama waliotoka ibadani walisimama wakanitazama mpaka nikate kona. Sijawahi kuona haya kwa hilo. Nilipunguza mwendo wanione vizuri.

Nikawa Fundi Kiongozi wa springi. Hapo ndipo Salvatori alipoletwa.

Salvatori alikuwa wa kwetu Kibosho. Alitoka chuo cha ufundi, mwandiko wake mzuri, maneno yake mazuri. Kihamba cha kwao na changu vinapakana. Kihamba ni shamba la nyumbani, la migomba na kahawa, ambamo tunaishi na tunazikana. Mpaka wetu ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, na katikati ya mstari mama yake na mimi tuliacha upenyo makusudi, wa kupita kuombana moto asubuhi. Mtoto yule amekula kiburu, ndizi zetu za kupondwa na maharage, jikoni kwangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Aliniita shangazi. Nilimfundisha kugonga na kusikiliza. Alikuwa na haraka, hakusikiliza sana.

Sasa akaja mgeni mmoja aliyetaka gari la kuizunguka nchi akiwa peke yake. Hataki dereva, hataki mpishi. Meneja wetu, mtu wa shati jeupe asiyeshika hata mlango kwa hofu ya grisi, akatukusanya uani.

"Gari hili litamtii mtu mmoja," akasema. "Kubadili tairi, kujivuta kwenye tope, kulala juu ya paa, yote mtu mmoja. Kabla sijamkabidhi mgeni, mmoja wenu atalizungusha nchi peke yake. Na mnajua Mzee Rajabu anastaafu. Atakayelirudisha zima ndiye atakayekaa kwenye kiti chake."

Mmoja akasema mke wake yuko karibu kujifungua. Salvatori akashika kiuno. "Mgongo wangu, Meneja."

Nikanyoosha mkono.

"Mama Deo!" akacheka fundi wa injini. "Utasonga ugali kwa jeki?"

"Nitakuletea mwiko kutoka Mpanda," nikamwambia. "Usonge wewe, maana kazi nyingine imekushinda."

Nilikitaka kile kiti, sifichi. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mguu mmoja wa bomba la chuma, kimekaa mlangoni, na gari lolote halikutoka bila neno la aliyekikalia. Miaka yote nilikuwa nasema springi hii bado, na gari linatoka. Nilitaka siku moja niseme bado, na gari likae.

Tukalifunga gari lile kwa springi za majani tisa. Nilifunga tatu. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilinikuta nimekwenda msibani Kilema, akaifunga Salvatori. Niliporudi tayari imepakwa rangi. Nikagonga, rangi mbichi na mzigo juu, sauti ilikuwa nzito, sikuridhika.

"Salva, umeweka senta bolti mpya?"

"Mpya kabisa, shangazi. Wewe nawe!"

Nikamwamini. Bolti ya akiba nilibeba, nimeifunga kwenye pindo la kanga, lakini hiyo ni kawaida ya kazi, si kumshuku.

Nikaondoka. Babati, Singida, Tabora. Kwenye kizuizi kimoja askari alizunguka gari zima, akachungulia ndani. "Shikamoo, mama. Dereva yuko wapi?"

"Marahaba. Unamtazama."

"Peke yako? Na huu mlima wa gari?"

"Mlima nimeuacha nyumbani. Hili ni gari tu. Nifungulie."

Baada ya Tabora lami ikaisha. Wakati ule njia ya kwenda Mpanda ilikuwa vumbi, msitu na mbung'o, wadudu wale wanaouma juu ya nguo. Siku ya nne, jua la utosi, nikasikia *ta!* chini ya kiuno changu upande wa kushoto. Usukani ukavuta. Nikashuka, nikaangalia: gurudumu la nyuma limerudi nyuma karibu upana wa kiganja. Senta bolti imekatika.

Hapakuwa na nyumba wala gari lililopita. Simu haikuwa na hata alama moja ya mtandao. Nilitia gogo mbele ya matairi, nikapiga jeki chini ya chesisi, nikafungua yubolti, zile bolti zilizopinda kama kwato zinazoikumbatia springi. Ziligoma. Nikatia bomba kwenye spana kuirefusha, nikasimama juu yake kwa uzito wangu wote, na Mungu hakuninyima uzito. Nikayabana majani tisa, nikatoa kipande kilichokatika, nikaisukuma ekseli kwa jeki ya pili kidogo kidogo mpaka tundu likakaa juu ya tundu. Nikapitisha bolti yangu ya kwenye kanga. Nilianza jua likiwa utosini, nikafunga nati ya mwisho kivuli cha gari kikiwa kirefu kuliko gari. Mikono ilikuwa inavuja damu. Sikulia, niliikumbuka ile siku ya ndoo.

Kisha nikakitazama kile kipande. Pale kilipokatikia, nusu ilikuwa inang'aa na nusu ilikuwa nyeusi kwa kutu. Wanangu, shikeni hili. Chuma kilichokatika leo kinang'aa kote. Kilichoota kutu ndani kilikuwa na ufa siku nyingi. Bolti ile ilikuwa ya zamani, imepakwa rangi. Nikaitia mfukoni.

Nikaendelea. Mpanda nikanunua mwiko. Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, nikashuka Iringa, Morogoro, nikakata Chalinze. Siku ya kumi na moja, nilipoikaribia Mwanga, Kilimanjaro ukanitokea bila wingu hata moja, nikapiga honi peke yangu barabarani kama mwehu. Sijafurahi hivyo kabla, wala baada ya hapo.

Uani walinipokea kwa vigelegele. Fundi wa injini nikamkabidhi mwiko wake. Meneja akasema, "Hongera. Nataka ripoti ya maandishi kesho."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kuiandika mwenyewe, kwa siku tatu, na makosa yake. Nikaona haya. Nikamwita Salvatori pembeni, nikamwonyesha kipande. Sikumgombeza. "Ulikosea, Salva. Tutalisema taratibu, hutafukuzwa. Wewe andika, mimi nakusimulia."

Macho yake yakajaa machozi. "Asante, shangazi. Nipe hicho kipande nieleze vizuri kilivyo."

Nikampa. Akaandika kurasa tatu, akaniwekea kalamu mkononi. "Sahihi hapa." Mtoto wa mpakani, wa upenyo wa moto. Kusoma karatasi ya mtu kama huyo kabla ya kutia sahihi, kwetu ni kumtukana mama yake. Nikatia.

Siku iliyofuata Meneja akatuita. Akasoma mbele ya wote kwamba bolti ilikatika kwa uzembe wa dereva, na kwamba fundi Salvatori alimwelekeza matengenezo kwa simu, hatua kwa hatua.

"Simu gani?" nikapiga kelele. "Kule hakuna mtandao hata wa dawa! Salva, toa kile kipande!"

Salvatori akatazama viatu vyake. "Kipande gani, shangazi?"

Meneja akanigeuzia karatasi. "Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi, mama, tusipotezeane muda."

Salvatori ndiye aliyepewa kile kiti. Mzee Rajabu alinifuata langoni, amebeba mfuko wake wa kustaafu. "Felista," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu, "ungeniletea mimi kile kipande." Sasa ni marehemu. Meneja naye ni marehemu.

Nilifanya kazi miaka sita chini ya Salvatori. Nikisema springi hii bado, anasema, "Itoke." Nilipostaafu wakanipa saa ya ukutani na keki, naye akatoa hotuba kwamba mimi ni mama wa karakana. Saa ile iko chooni.

Mwaka jana yeye pia alistaafu, akarudi Kibosho kuishi kwenye kihamba cha kwao. Jumamosi moja nikasikia gari linapanda kwa mlio ambao masikio yangu hayajausahau. Likasimama mbele ya mlango. Mkewe, Yasinta, akashuka. Mkononi ameshika isale, mmea ule ule wa mpakani, kichwa kizima na kipande cha shina, na kitambaa kilichofungwa fundo.

Wasio wa huku wajue: mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na huruhusiwi kumrudisha nalo. Ukilikataa unaitafutia nyumba yako balaa. Lakini anayelileta ni mkosaji mwenyewe au mzee aliyemtuma. Salvatori alikaa garini, vioo vimepandishwa.

"Shikamoo, mama," Yasinta akasema. "Miguu inamsumbua. Mae, mama, lipokee tu. Mimi sikujua kitu mpaka wiki hii."

Nikafungua kitambaa. Kile kipande. Nusu nyeusi, nusu iliyong'aa nayo sasa imeota kutu. Alikuwa nacho miaka yote hiyo. Alikitunza mpaka wote ambao ningewaonyesha wakafa.

Nikaenda kwenye gari, nikagonga kioo. Akakishusha kidogo, upana wa vidole viwili.

"Bushi ya springi ya nyuma kushoto imekwisha," nikamwambia. "Upande ule ule."

"Shangazi..."

"Isale nimelipokea, kwa sababu lazima. Yasinta akitaka moto apite barabarani, mlango wa mbele. Wewe shuka ukiweza."

Akapandisha kioo. Hakushuka. Yasinta akapanda, gari likageuka, likateremka linagonga, *ko, ko, ko*, mpaka bondeni.

Wajukuu zangu wananiuliza kama naijutia kazi. Siijutii. Nimeizunguka nchi hii peke yangu, na springi nilizofunga mimi bado zinabeba watu huko porini. Ninachojutia ni ile haya ya mwandiko mbaya. Andikeni wenyewe, hata kwa makosa. Msipoweza, msomewe na mtu wa mbali. Kipande kiko dirishani kwangu. Fundi yeyote kijana akija namwonyesha jinsi ya kukitazama.

Isale nililipanda jioni ile ile, kabla halijanyauka. Nililipanda kwenye mpaka, katikati kabisa ya ule upenyo. Mvua za masika zimelikuta limeshika, na limetoa machipukizi mawili. Hapapitiki tena.