Kopo la Shamba Namba Saba

Mashine ya GPS niliyoinunua ilikuwa ya vitufe, nyeusi kwa njano, nzito kiasi cha kuvunjia karanga. Nilichukua miezi miwili kuichagua. Zile za kugusa kioo nilizikataa kwa sababu huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri na kidole kilicholowa hakisikilizwi na kioo. Zile za kuchaji nilizikataa kwa sababu ya stima yetu, ambayo huenda na kurudi inapotaka. Nilimweleza mke wangu habari za antena, za setilaiti na za betri za dukani mpaka chai yake ikapoa mkononi. Nilipomaliza, aliuliza kama simu yangu haina ramani. Nilimjibu kwamba simu ni ya watu wa kawaida.

Wakati huo nilikuwa karani katika kituo cha kupozea maziwa Kaplong, na nilikuwa mtu wa kawaida kuliko wote niliowajua. Lakini nilikuwa nimeona video za mchezo fulani ambao wenyewe wanauita jiokeshi. Mtu anaficha kopo mahali, anatangaza kwenye mtandao namba za mahali hapo, na watu wa mbali wanakuja na GPS zao kulisaka. Wakilipata wanaandika majina kwenye daftari lililomo ndani, wanalifunga na kulirudisha palepale. Wazungu wazee waliovaa kofia pana walikuwa wakilia kwa furaha mbele ya kopo la plastiki. Nikajiambia kwamba na mimi lazima nilie namna hiyo.

Mashine yangu niliinunua kwa mtu wa Chepilat aliyewahi kuwabebea wapima ardhi vifaa vyao. Kumbukumbu za mashine hazikuwa zimefutwa. Nilipoiwasha nilikuta sehemu zenye majina kama Kona ya Mzee, Kisima, na nyingine iliyoandikwa Mti wa Kesi. Mtu mwenye akili angeelewa hapo hapo kwamba huku kwetu chombo hiki kina kazi moja tu, kupima mashamba yanayogombaniwa.

Mimi nilikwenda kukijaribu Ndanai. Nilitembea kando ya ua wa shamba la mahindi nimeinua mkono juu, nikirudi kinyumenyume hatua moja moja, nikitazama kioo. Haikuchukua dakika kumi kabla sijazungukwa. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole shamba ninalopima ni la nani na nani amenituma. Nilimwambia sipimi, natafuta setilaiti. Jibu hilo liliharibu mambo kabisa. Akaitwa ndugu yake wa ng'ambo ya ua, ambaye baadaye niliambiwa alikuwa hasemezani naye kwa muda mrefu kwa ajili ya ua huohuo, na wote wawili wakasimama upande mmoja kunikabili. Waliniuliza jina la ukoo. Mimi nimezaliwa Kericho, lakini jina langu linatoka kule ziwani na kila mtu akilisikia anajua kwamba kwetu si hapa. Nilijitia kikohozi. Walinisindikiza mpaka barabarani wakiwa wameshikana mikono, na mpaka leo naamini niliwapatanisha, ingawa hakuna aliyenishukuru.

Kopo lenyewe sikulipata, kwa sababu hapakuwa na kopo. Kwenye mtandao nilitazama Bomet yote na Kericho yote, na la karibu lilikuwa mbali kuliko nauli yangu. Basi nikaamua kuficha la kwangu.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo sijivunii. Ndani ya kopo huwekwa vitu vidogo, na sheria ni moja: ukichukua kitu, acha kitu cha thamani ileile au zaidi. Video zilionyesha vidoli na beji. Mimi nilitaka kitu cha kuwashangaza wageni, kitu halisi cha nchi ya chai. Nikakumbuka kibati cha baba.

Baba yangu alichuma chai maisha yake yote ya kazi, na mama vilevile, katika estate moja upande wa Kericho. Kila mchumaji alipewa kibati cha shaba chenye namba, akakifunga kwenye kikapu ili karani wa mizani ajue majani ni ya nani. Baba alipofariki tulimzika nyumbani, kule ziwani, na kibati chake mama akakiweka katika mkebe wa majani ya chai, pamoja na kadi yake ya kanisa na vifungo vya akiba. Siku moja nilimtembelea, nikamwambia natafuta sindano, nikafungua mkebe na kukitia mfukoni. Nilijiambia nimekiazima. Neno hilo huwa nalipenda sana ninapokuwa nimeiba.

Nililificha kopo katika shamba namba saba la estate hiyo, alilochuma baba zaidi kuliko yote. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko cha kubana, na ndani mlikuwa na kibati, kalamu, na daftari ambalo kwenye ukurasa wake wa kwanza niliandika ile sheria kwa herufi kubwa. Kisha nikatoa ramani. Nilikuwa na ramani ya zamani ya serikali, ya karatasi, yenye mistari ya vilima, na nilikuwa nimesoma mahali kwamba fundi hasa huipanga mashine yake ifuate ramani aliyo nayo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua mfumo wa zamani ule ule wa ramani, nikaandika namba kwa mkono. Wiki iliyofuata nilisoma kwamba mtandao unatumia mfumo mpya. Nikarudisha mashine kwenye mfumo mpya na nikasahau kwamba namba za kwenye karatasi zilikuwa za mfumo wa zamani. Nikazitangaza hivyohivyo kwa dunia nzima.

Dunia haikuja. Nilifungua ukurasa wangu kila asubuhi, kisha kila Jumapili, kisha nikaacha. Miaka mitatu ikapita, na mashine ikahamia kwenye droo ya vijiko.

Halafu mama akastaafu. Nyumba ya estate alitakiwa kuirudisha, na lori la kumpeleka nyumbani lilikuwa lije Jumamosi. Alinipigia simu Jumatano. Mama yangu huongea Kiswahili cha estate hata na watoto wake, hata usingizini, kwa sababu ndicho alichofanyia kazi. Aliniambia fundi anakuja Jumatatu kuweka saruji kwenye kaburi la baba, na anataka kile kibati kikae ndani ya ile saruji, mbele, karibu na jina. Akasema ametafuta kwenye mkebe na hakipo.

Nilimwambia kiko kwangu, nilikichukua nikisugue king'ae.

"Sawa, baba," akasema. Kule kwetu mama humwita mwanawe wa kiume baba. "Ulete kabla ya Jumamosi."

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikatia betri mpya, nikapanda boda mpaka estate. Nilimkwepa mama, nikapita nyuma ya nyumba za wafanyakazi nikifuata mshale. Mshale ulikuwa na uhakika wote duniani. Ulinipitisha nyuma ya zahanati, ukanishusha kwenye mitaro, na ulipoandika mita tatu niliinua macho nikajikuta mbele ya choo cha shimo cha kanisa. Ndani kulikuwa na mtu. Nilisimama pale na mashine mkononi nikingoja, na yule mtu alipotoka akanitazama, akatazama mashine, akaenda zake haraka bila kunisalimu.

Nilikaa kwenye jiwe karibu saa nzima kabla sijakumbuka ile ramani ya karatasi na ule mfumo wa zamani. Niliirudisha mashine kwenye mfumo huo, na mshale ukageuka, ukaonyesha kusini, kama mita mia tatu. Nusura niibusu. Nilikimbia na viatu vyangu vya ofisini mpaka shamba namba saba, na hapo moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi.

Shamba lilikuwa limepogolewa. Mtu ambaye hajaona chai ikipogolewa anadhani imekufa: kile kitanda cha kijani kinachofika kiunoni kinakatwa chote, vinabaki vijiti vifupi vya kahawia, maelfu kwa maelfu, vyote sura moja. Kila baada ya miaka michache chai hukatwa hivyo. Nilikuwa mtoto wa estate, nimelelewa na chai, na sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata mara moja. Mashine iliandika mita nne, ikaandika saba, ikaandika tano. Ndani ya mita tano kuna vichaka zaidi ya hamsini. Nilipiga magoti nikaanza kuchakura matawi yaliyokatwa. Mvua ya alasiri ilikuja kwa wakati wake. Nilitoka pale jioni na matope mpaka kwenye nyusi, bila kopo, na nilimwogopa mama yangu kama nilivyomwogopa nilipokuwa darasa la tatu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta akifunga sufuria ndani ya shuka. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni: sindano, mkebe, kopo, wazungu wasiokuja, choo cha kanisa. Nilisema kwamba nimeupoteza mkono wa baba. Sijui kwa nini nilisema mkono. Nilikuwa nalia, na si kwa namna ya zile video.

Mama alimaliza kufunga fundo. Akavaa gambuti zake za mpira, akachukua kitu kwenye dirisha akakitia mfukoni, akasema twende.

Alitembea mbele bila haraka. Nilikuwa nimewasha mashine, kwa aibu, nimeishika karibu na paja asiione. Tulipofika shamba namba saba hakuingia katikati. Alikwenda mpaka kwenye mtaro mkubwa, akageuka, akaanza kupita mistari huku midomo yake ikitikisika, akaingia mmoja, akainama kwenye kichaka ambacho mimi niliona hakina tofauti na kingine chochote. Akasogeza matawi makavu, akatoa kopo langu.

Lilikuwa safi. Kulikuwa na mfuniko mwingine juu ya ule wangu, umefungwa kwa mpira wa tairi.

Nililifungua. Daftari lilikuwa limejaa, na lingine lilikuwa limeongezwa. Hapakuwa na mzungu hata mmoja. Kulikuwa na namba, zile namba za vikapu, mstari baada ya mstari, kwa miandiko ya kila namna. Wachumaji walikuwa wameliona kopo tangu raundi ya kwanza, maana hurudi kwenye shamba lilelile kila baada ya siku kumi hivi na mikono yao hupita juu ya kila kichaka. Mmoja aliandika kwamba amechukua pini ya nywele na ameacha kitana. Mwingine aliandika kwamba mvua ya mawe imeharibu majani yote na hakuna pesa ya shule. Mwingine aliandika tu kwamba amejifungua msichana. Wapogoaji walikuwa wameandika kwamba wamelihamishia mtaroni wiki mbili na sasa wamelirudisha kwenye kichaka chake. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikilalamika kwamba hakuna anayecheza mchezo wangu.

Na namba ya mama, mia nne na kumi na mbili, ilikuwa kwenye kila raundi. Hakuandika neno lolote mbele yake. Chini kabisa kilikuwepo kibati cha baba, king'avu kuliko kilivyokuwa nilipokiiba.

Nilimuuliza kwa nini alininyamazia. Alisema alikuwa anangoja niseme. Nikamuuliza kwa nini basi hakukichukua tu, siku zote hizo, kitu chake mwenyewe.

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia karani aliyekosea hesabu. Akafunua daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye maandishi yangu.

"Si wewe uliandika hapa? Ukichukua, uache kitu ya bei hiyo hiyo. Mimi ningeacha nini? Namba yangu nilikuwa bado naitumia."

Akatoa kile kitu alichokichukua dirishani. Kilikuwa kibati chake. Alikipangusa kwa leso, akakiweka ndani ya kopo, akakitoa cha baba na kukifunga kwenye pembe ya leso kwa mafundo mawili. Kisha akaandika namba yake, polepole, na safari hii akaongeza maneno: nimechukua moja, nimeacha moja.

Nilitoa mashine ili nihifadhi mahali pale sawasawa, kwa mfumo unaofaa. Kioo kilikuwa cheusi. Mvua ya jana ilikuwa imeingia kwenye betri.

Mama hakucheka, na ningefurahi kama angecheka. Alinishika mkono wa shati akanirudisha mpaka mtaroni, akaniambia nihesabu kwa sauti. Mistari kumi na nne, kisha kichaka cha sita. Nilikosea mara ya kwanza na ya pili. Alinirudisha mwanzo kila mara, mpaka nikafika peke yangu, kwa sababu kesho yake asubuhi yeye hangekuwepo kunionyesha.